Hisabati ya Mwanafunzi wa Fizikia

Mwanafunzi wa shahada ya fizikia, awe Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro au kwingineko, huhitaji kwanza kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko. Chini ya Bonde la Ufa joto huongezeka kadiri kina kinavyozidi, na kalkulasi hupima kasi ya ongezeko hilo. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alieleza kuwa joto linalopita mwambani hupatikana kwa kuzidisha kasi hiyo kwa uwezo wa mwamba kupitisha joto. Joto likipanda nyuzi 30 kwa kilomita, na uwezo ukiwa wati 2.5 kwa mita kwa kila nyuzi, kila mita mraba hupitisha wati 0.075. Kwenye maeneo ya mvuke kama Menengai na Olkaria, kiasi hicho huwa kikubwa zaidi.

Kisha huja vekta, kwa kuwa kani ina ukubwa na mwelekeo. Halafu matriki na namba changamano, nguzo za fizikia ya kwanta. Takwimu nayo humwezesha kukadiria makosa ya vipimo vya maabara. Masomo haya hayakaririwi. Huiva kwa kukokotoa maswali kila siku.