Tembea, Mama, Hata Mawingu Yakitanda

Kama unaishi huku kwetu Moshi, unaujua vizuri mwezi wa Machi. Asubuhi unaamka na kukuta Kibo iko wazi, nyeupe, kama imeoshwa usiku. Unafua, unaanika, unaondoka kwenda kazini. Saa sita joto linakubana hata unatamani kukaa chini ya mgomba. Saa tisa upepo unageuka, vumbi linapanda, mabati yanaanza kulia, na kabla hujamtuma mtoto akaanue, nguo zote zimelowa. Kesho yake unajifanya mjanja, unazianika ndani. Siku hiyo halidondoki hata tone moja.

Katika mwezi kama huo akina mama wengi huacha kabisa kutembea kwa miguu, ila kwa lazima. Nami nilikuwa mmoja wao. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoanza, na kile nilichokikuta njiani, ambacho sikukitarajia.

MGANGA HAJIGANGI

Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa na akina mama kliniki, na Jumapili nyingine baada ya ibada huwa zamu yangu kuwapima presha washarika wenzangu. Maneno yangu ni yale yale: "Mama, punguza chumvi. Mama, tembea." Mwenyewe nilikuwa napanda daladala asubuhi na bodaboda jioni. Wahenga walisema kweli, mganga hajigangi.

Mwezi wa Februari 2022 kifaa kilikuwa mezani na wagonjwa walikuwa wamekwisha. Mwuguzi mwenzangu akanifunga mkono kwa mzaha tu. Mzaha ukaisha tulipoona namba: 158 kwa 96. Tukangoja, tukarudia. Ikarudi ile ile. Siku mbili baadaye bado ilikuwa juu. Ninyi mnajua, mtu mzima akipimwa zaidi ya mara moja, kwa siku tofauti, na presha ikawa 140 kwa 90 au zaidi, hilo si uchovu wa siku moja. Daktari alinianzishia dawa, kisha akaniambia neno ambalo nimewaambia wengine mara elfu: "Tembea, Sista."

Nikatafuta visingizio. Asubuhi kuna uji wa watoto. Jioni kuna giza. Tena huu ni mwezi wa mvua, nani atembee atote? Kisingizio cha giza peke yake ndicho kilikuwa na ukweli, kwa maana mwanamke kutembea peke yake magharibi si jambo la kupuuza. Basi nikamwambia mume wangu, "Baba, nisindikize."

Hapo inabidi niseme ukweli wa nyumba yetu. Katikati ya mwaka 2021 mume wangu alipunguzwa kazini baada ya kutumika miaka mingi. Tangu hapo alinyamaza. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali. Alikula, akasema asante, akakaa mbele ya televisheni mpaka usingizi. Nikimwuliza, alijibu, "Hakuna neno." Nami nilikuwa nimechoka kuuliza. Tulikuwa tunakaa nyumba moja kama wapangaji wawili wanaoheshimiana.

CHINI YA KIBARAZA CHA DUKA

Tulianza wiki ya kwanza ya Machi, saa kumi na moja jioni, njia ya kawaida tu ya mtaani kwetu. Siku mbili za kwanza tulitembea kimya. Siku ya tatu anga lilikuwa safi tulipotoka, nikaacha mwavuli nyumbani. Hatukufika mbali. Wingu lilishuka kutoka mlimani kama mtu aliyevuta pazia, na mvua ikamwagwa. Tukakimbilia kibaraza cha duka lililofungwa, tukasimama tumebanana kama kuku.

Mvua ile ilitushikilia karibu saa nzima. Televisheni haikuwapo. Watoto hawakuwapo. Hakukuwa na pa kwenda. Nadhani ndiyo sababu alisema. Alisema bila kunitazama, macho yake kwenye maji ya mfereji: alikuwa amekopa fedha kwa dhamana ya kiwanja chetu, kiwanja tulichokinunua kwa ajili ya watoto. Alitaka kuanzisha biashara anishangaze. Biashara ilikufa. Marejesho mawili yalikuwa yamepita bila kulipwa.

Sitawadanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika mno. Mvua ilipopungua nilitangulia, nikaenda nyumbani peke yangu na viatu vimejaa matope, na siku mbili sikutembea wala sikusema naye zaidi ya salamu. Niliomba, lakini hata maombi yenyewe yalikuwa ya kumshtaki.

Siku ya tatu, saa kumi na moja, nilimkuta amesimama mlangoni na mwavuli mkononi. Akasema, "Mama, twende kabla haijanyesha." Nikavaa raba zangu.

Njiani ndipo tulipohesabu deni lote, shilingi kwa shilingi. Njiani ndipo tulipokubaliana kwamba yeye ataenda mwenyewe kwa waliomkopesha aombe kupangiwa upya, badala ya kujificha. Njiani ndipo tulipoamua kuuza ng'ombe mmoja, na kuwaambia watoto wakubwa ukweli. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukuweza kuyasema hayo mezani. Nafikiri ni kwa sababu watu wanaotembea hawatazamani usoni. Wanatazama mbele pamoja. Mwanaume mwenye aibu huona rahisi kusema akiwa anaangalia barabara.

Deni lilikwisha Desemba 2023. Kutembea hakukulilipa, tulilipa kwa jasho. Lakini bila ile njia ningelijua siku ambayo kiwanja kingekuwa kimetangazwa kuuzwa.

KWA NINI MACHI HAINA MSIMAMO

Watu husema hali ya hewa ya Machi ina wazimu. Ina sababu zake. Kuanzia Novemba hivi upepo wa kaskazi ndio unaotawala, na Januari na Februari huku kwetu huwa ni ukavu na joto. Ifikapo tarehe 20 au 21 Machi jua linakuwa utosini kwenye ikweta, na ukanda wa mvua unalifuata. Kaskazi inalegea, kusi bado haijashika nguvu. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi inapanda ubavu wa mlima, inapoa, inageuka mawingu. Ndiyo maana Kibo yenye mita 5,895 unaiona alfajiri, na kufika adhuhuri imejifunika. Ndiyo maana pia unaweza kuacha jua mjini ukapanda Machame au Marangu ukakuta baridi na manyunyu: kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi.

Kwa mtembeaji, hesabu yake ni rahisi. Asubuhi mara nyingi ndiyo salama zaidi, kwa maana mawingu hujijenga kadiri siku inavyopata joto. Kama nafasi yako ni jioni, tazama mlimani kabla ya kutoka. Wingu jeusi lenye kichwa kirefu na upepo wa baridi wa ghafla maana yake ni kwamba mvua ipo karibu. Usidharau pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Mwaka 2024 masika ilikuja na mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 150 nchini kabla Aprili haijaisha.

NJIA IKO MLANGONI PAKO

Usifikiri kutembea ni mpaka uende mbali au uwe na nguo za michezo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Gawanya, utaona ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa pambio, ongeza hatua.

Ukikosa nusu saa kwa pamoja, gawanya vipande vya dakika kumi. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Msindikize mtoto shuleni kwa miguu. Nenda sokoni kwa njia ndefu na urudi kwa fupi, ukiwa na mzigo. Sisi hapa tuna barabara zenye miti mikubwa kule Shanty Town, tuna msitu wa Rau upande wa chini, na wenzetu wa vihambani wana vijia vya kupita kati ya migomba na masale. Huko Rau nendeni wengi, tena mchana.

Na mwezi huu wa kubadilika-badilika una mambo yake ya kuona. Vumbi likipigwa na mvua ya kwanza linatoa harufu ambayo hainunuliwi dukani. Kumbikumbi wanatoka ardhini jioni, na watoto wanawakimbiza chini ya taa. Kila kona mtu ana jembe, anawahi kupanda mahindi. Mtu wa ndani ya daladala hapati hata kimoja katika hivyo.

MVUA HAILETI MALARIA

Akina mama wengi huniambia, "Sista, mtoto alinyeshewa jana, leo ana malaria." Hapana, mama. Malaria huletwa na mbu. Mvua ya leo inaacha madimbwi, mbu wanataga humo, na katika wiki moja au mbili wapya wanaruka. Kwa hiyo mtoto aliyelowa mfute, mvalishe nguo kavu, mpe kitu cha moto. Kisha nenda ukamwage maji kwenye makopo na matairi nyuma ya nyumba, na hakikisha kila mtu analala ndani ya chandarua. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo kuhusu homa ya mapafu. Haitokani na kutembea nje. Vijidudu vyake huenea tunapojifungia wengi chumba kimoja, madirisha yamefungwa, na moshi wa kuni umetanda. Jifunze kuhesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, na ana kikohozi, usingoje kesho. Akiwa chini ya miezi 2, ni mara 60. Na kama mbavu zinabonyea ndani au hawezi kunyonya, ondoka saa hiyo hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kandambili ni za bafuni. Katika tope zinateleza, na nimefunga mikono mingi iliyovunjika kwa ajili yake. Vaa raba au kiatu kilichofungwa chenye meno. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila arudipo, kwa maana jeraha dogo analoweza asilihisi.

Ukisikia radi, usijikinge chini ya mti, wala usibaki katikati ya uwanja. Ingia ndani ya nyumba, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Usivuke maji yanayokimbia, hata kama jana yalikuwa chini ya kifundo. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani wewe ukiwa juani, na mto ukakujia mweusi. Waambie watoto jambo hili kila Machi, hata wakikuambia wanalijua. Jioni moja ya Aprili 2024 tulifika kwenye daraja dogo la njia yetu tukakuta maji yanalamba mbao. Tulirudi. Hakuna aibu katika kurudi.

Jua linatua saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Uwe umerudi kabla ya hapo, na usiende peke yako.

Mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kutembea, na ni vizuri. Lakini akiumwa sana kichwa, akiona giza au akitokwa na damu, aache na aende hospitali. Na mwenye dawa za presha asiziache kwa sababu anatembea. Mimi mwenyewe juzi nilikuwa 132 kwa 84, na vidonge vyangu bado nameza kila asubuhi.

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako kuna mtu aliyenyamaza. Anaweza kuwa mume, binti aliyefika kidato cha tatu, au mama mkwe aliyekuja kuishi nanyi. Usimketishe umhoji. Mwambie tu, "Nisindikize mpaka pale kona, nirudi." Kesho mwambie tena. Mungu anajua siku atakayofungua kinywa.

Sisi bado tunatoka kila jioni. Yule mwavuli umevunjika ubavu mmoja na nimeambiwa mara nyingi ninunue mwingine. Nimekataa. Unatutosha wote wawili, ila lazima tutembee karibu.