Sarafu za urithi: Zipimwe kwanza au ziuzwe kama zilivyo?

MZAZI anapofariki Marekani, wakati mwingine watoto hukuta kopo la sarafu za zamani kabatini. Zimechakaa, lakini chache zina kasoro ya kiwandani ambayo wakusanyaji huitafuta. Hapo ndugu hugawanyika: mmoja anataka zipelekwe kupimwa daraja, mwingine anataka ziuzwe leo ili fedha zigawanywe.

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Inategemea ni sarafu ipi.

Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, huchunguza kama sarafu ni halisi, huipa alama kati ya 1 na 70, kisha huifunga ndani ya kasha la plastiki. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya Dk William Sheldon ya mwaka 1949. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hupata alama chini ya 60.

Huduma hiyo si bure. Kuna ada ya kupima, ada ya ziada ili aina ya kasoro iandikwe kwenye kasha, posta ya kwenda na kurudi, na bima.

Chukua mfano huu. Sarafu inaweza kuuzwa dola 40 ilivyo. Ikipimwa itauzwa dola 80, lakini gharama zote ni dola 60. Familia itabaki na dola 20. Hapo kupima ni hasara.

Kwa sarafu ya daraja la chini, faida kubwa ya kupima si alama. Ni uthibitisho. Senti ya 1955 ambayo tarehe na maandishi yake yalijirudia ina thamani kubwa hata ikiwa imetumika, na kwa sababu hiyo imeghushiwa sana. Hali kadhalika sarafu ya senti 5 ya 1937 kutoka Denver, yenye nyati wa miguu mitatu: mguu ulipotea baada ya chuma cha kupigia chapa kusuguliwa kupita kiasi, na matapeli huukwangua kwenye sarafu za kawaida. Bila cheti, mnunuzi mwangalifu atatoa bei ya mashaka.

Lakini ipo senti nyingine ya 1955 ambayo ni tarakimu ya mwisho tu inayoonekana kama imejirudia, kwa sababu chuma cha chapa kilikuwa kimechakaa. Hiyo ni ya bei ndogo sana. Kuigharamia cheti ni kutupa fedha.

Kabla ya kuamua, fanyeni haya:

• Msizisafishe. Sarafu iliyosuguliwa inaweza kunyimwa alama ya namba, na thamani yake hushuka.

• Zitazameni kwa kioo cha kukuzia, mkilinganisha na picha za sarafu zilizothibitishwa.

• Tafuteni bei ambazo sarafu za hali hiyohiyo zimeuzwa kweli, si bei ambazo wauzaji wanaomba.

• Ombeni bei kwa wafanyabiashara wawili au watatu.

• Pigeni picha na kuandika orodha, kila ndugu abaki na nakala, kabla chochote hakijatoka nyumbani.

Ikiwa ongezeko la bei linazidi gharama zote kwa kiasi cha kuridhisha, au sarafu ni ya aina inayoghushiwa sana, pimeni. Nyingine uzeni zilivyo, mgawane kwa amani.