Rangi za Ramani na Mawimbi ya Ziwa Tanganyika

Mvuvi wa Ujiji aondokaye jioni na karabai zake kuvua dagaa hakihofii kimbunga. Kigoma iko karibu digrii 5 kusini ya Ikweta, ambako athari ya mzunguko wa dunia ni hafifu mno kuupindisha upepo ukawa kimbunga. Tena kimbunga hulishwa na bahari yenye joto: Hidaya, kilichofika Mafia Mei 2024, kilidhoofika mara kilipogusa nchi kavu.

Hata hivyo ziwa lina dhoruba zake. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma kufuata urefu wake wa kilomita zaidi ya 600, na kadiri unavyosafiri juu ya maji ndivyo mawimbi yanavyokua.

Katika ramani za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, manjano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi hudhani rangi hupima upepo. Sivyo. Huunganisha mambo mawili: uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara yake. Kwa hiyo manjano yaweza kuwa madhara madogo yanayotarajiwa sana, au makubwa ambayo huenda yasitokee. Kwa mwenye mtumbwi hayo si mamoja, na ni maelezo yaliyoandikwa pamoja na ramani yanayoyatofautisha.