Kutapika baharini: maandalizi huanza kabla boti haijang'oa nanga

Msikilizaji, umepanga kuivusha familia kwenda Unguja au Pemba? Nauli umelipa, zawadi umefungasha, lakini lipo jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshafika katikati ya maji: kulevywa na bahari. Miezi ya 6 hadi 8, kusi inapovuma kwa nguvu, mawimbi huwa makubwa na wanaotapika huwa wengi.

Tatizo halianzii tumboni. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kwamba mwili unasogea. Ukiwa ndani ya boti unatazama simu au kiti cha mbele, macho yanasema umetulia, masikio yanasema unayumba. Taarifa hizo zikigongana, mtu hupiga miayo, hutoka jasho la baridi, mate hujaa mdomoni, kisha hutapika. Ndiyo hali ileile ya anayetapika kwenye basi. Si uoga wala ushamba. Watoto wa miaka 2 hadi 12 na wajawazito huathirika zaidi.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mahali pa kukaa. Chagua viti vya katikati, sakafu ya chini, kwa sababu mbele na juu ndiko kunakorushwa zaidi. Tazama mbali, pale mbingu inapokutana na maji. Kama huoni nje, egemeza kichwa ufumbe macho. Simu kaa nayo mfukoni, na mtoto asitazame katuni njiani.

Usipande na njaa, wala usipande umeshiba pilau. Kula kitu chepesi, kama mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu.

Vidonge vya kuzuia kutapika vipo katika maduka ya dawa, lakini vingi hutakiwa kumezwa saa moja au mbili kabla ya safari. Ukingoja mpaka uanze kutapika, kidonge nacho kitatoka. Mweleze muuza dawa umri wa mtoto, na kama kuna mjamzito. Prometazini, kwa mfano, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Dawa hizi huleta usingizi, kwa hiyo ukishuka usiendeshe pikipiki wala gari.

Anayetapika asikimbilie ukingoni mwa boti, hasa mtoto, maana wimbi moja linaweza kumtupa majini. Aketi, apewe mfuko, mwite baharia. Mpe maji kidogo kidogo.

Kwa kawaida hali hii hupungua mara mnapokanyaga nchi kavu. Mtoto akiendelea kutapika baada ya hapo, akalegea au akakaa muda mrefu bila kukojoa, usiendelee kuisingizia bahari. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Safari njema.