Je, Wajua? Kampuni Ililipa Mshahara, Kisha Ikakifungia Kitabu

Je, wajua kwamba moja ya kazi kubwa kabisa kuhusu mimea ya nchi za joto ilitungwa na ofisa kipofu, aliyeendelea kula mshahara wa mwajiri wake kwa zaidi ya miaka 30 bila kurudi kwenye dawati lake la kazi?

Huyo ni Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1627. Aliingia Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, VOC, akiwa askari tu. Mwaka 1652 alipanda meli kwenda Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, na kutoka hapo akapelekwa kisiwa cha Ambon katika visiwa vya Maluku. Baada ya miaka michache aliweka silaha chini akashika daftari, akapanda ngazi hadi kuwa mfanyabiashara wa kampuni, cheo chenye mamlaka si haba.

Biashara yenyewe ilikuwa karafuu. VOC iliamuru zao hilo lilimwe Ambon na visiwa vichache vya jirani tu. Misafara ya mashua za makasia, zikivutwa na wenyeji waliolazimishwa, ilizunguka visiwa vingine ikikata kila mkarafuu uliokutwa, ili bei isishuke Ulaya. Mkulima wa Pemba aliyewahi kuona mkarafuu mzima ukianguka kwa kimbunga anaweza kukadiria uchungu wa kuuangusha kwa shoka kwa amri ya mtu mwingine.

Rumphius alikuwa sehemu ya mtambo huo, hilo lisifichwe. Lakini akimaliza ya ghalani, alikuwa na kazi yake ya pili: kuuliza. Huu mti mnauitaje? Gome lake linatibu nini? Mbao zake zinafaa mashua au kuni? Sehemu kubwa ya alichoandika ni elimu ya watu wa Ambon, na mkewe, Susanna, ndiye aliyekuwa mwenzake wa kwanza wa kutafuta majani porini. Gavana Jenerali wa Batavia, Joan Maetsuyker, alivutiwa na kazi hiyo, akampunguzia majukumu ya kawaida apate nafasi ya kuandika.

Mwaka 1670 macho yakazima. Mwajiri mwingine angemfungisha virago. Maetsuyker aliamua abaki na cheo chake na mshahara wake, ahamie mjini Ambon, apewe makarani na wachoraji. Kitabu alikuwa amekianza kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi hizo. Sasa ilibidi kila neno alitamke mwingine aliandike, na makarani wa kuandika Kilatini kwa imla hawakuwapo, basi akaanza upya kwa Kiholanzi.

Yaliyofuata yangemvunja moyo mtu yeyote. Tarehe 17 Februari 1674, siku ya mwaka mpya wa Wachina, tetemeko la ardhi liliipiga Ambon. Ukuta ulimwangukia Susanna na binti yao, wakafa. Bahari nayo ikapanda pwani ya Hitu kwa mawimbi yaliyofika karibu mita 100 mahali pengine, na watu zaidi ya 2,300 wakaangamia. Rumphius, mjane na kipofu, ndiye aliyeacha taarifa ya kina ya maafa hayo, na wataalamu wa tsunami wanaitumia hadi leo. Okidi moja nyeupe aliyoonyeshwa na mkewe aliipa jina lake, na wanasayansi hawakulifuta: inaitwa Pecteilis susannae.

Mwaka 1687 moto uliteketeza mji, ukala maktaba yake na michoro yake. Akaanza tena, mwanawe Paulus akiwa miongoni mwa wachoraji. Mwaka 1692 nusu ya mswada ilipakiwa kwenye meli Waterland kwenda Uholanzi, na Wafaransa wakaizamisha njiani. Bahati ni kwamba Gavana Jenerali aliyekuwa ametoka tu madarakani, Johannes Camphuys, alikuwa mpenda elimu asiyeamini bahari: alikuwa ameagiza mswada unakiliwe kabla haujasafirishwa.

Nakala nzima ilifika Uholanzi mwaka 1696. Wakurugenzi wa VOC wakaisoma, wakaifungia. Ilieleza mengi mno kuhusu viungo na visiwa vinavyovizaa, na washindani walikuwa wengi. Hapa ndipo mtu anapoona ubaya wa fadhila ya mwajiri: muda uliolipiwa na kampuni ulizaa kitabu cha kampuni, na mwenye mali akaamua kisisomwe. Rumphius alifariki mwaka 1702 bila kukiona kikiwa kimechapwa. Zuio liliondolewa 1704, ila hakupatikana mchapishaji wa kubeba gharama. Kilianza kutoka mwaka 1741, mabuku makubwa sita yenye mimea takriban 1,200.

Wala siri ya karafuu haikuvuja kwa njia ya kitabu. Mnamo 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre waliiba miche na mbegu huko Maluku wakazipeleka Morisi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said akaisambaza, na kwa muda mrefu Unguja na Pemba zikawa ndizo zilizoilisha dunia karafuu.

Je, wajua kwamba msomi huyo aliyepatia mengi aliteleza kwenye nazi? Ile nazi kubwa ya mapacha iliyokuwa ikiokotwa Maldivi na kuuzwa kwa bei ya kutisha, Rumphius alishikilia kwamba inaota chini ya bahari. Mti wake ulikuja kuonekana mwaka 1768, ukiwa nchi kavu kabisa, kwenye kisiwa cha Praslin huko Shelisheli.

Waingereza nchini India waliupa mtindo huu wa kumlipa mtumishi huku akiandika kitabu sura ya kiofisi. Waliuita kazi maalumu: mshahara unaendelea, kituo cha kazi kinasahauliwa kwa muda. T. C. Jerdon, daktari wa jeshi la Madras, aliipata kwa Lord Canning, mkuu wa serikali ya Waingereza nchini humo, akatoa kitabu chake cha ndege wa India kati ya 1862 na 1864, kisha cha wanyama wanyonyeshao mwaka 1867.

Ronald Ross, naye daktari wa jeshi, ilibidi aisotee. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Muda si mrefu wakubwa wake wakamhamishia Kherwara, mahali ambapo malaria ilikuwa adimu! Ni baada ya barua nyingi, na mwalimu wake Patrick Manson kumpigania London, ndipo alipopewa kazi maalumu Calcutta mwaka 1898. Katikati ya mwaka huohuo alikuwa ameshaonyesha kwamba mbu ndiye anayeambukiza malaria ya ndege. Tuzo ya Nobel ilikuja 1902.

Allan Octavian Hume hakubahatika hivyo. Alikuwa katibu mkubwa wa serikali, na kitabu chake cha ndege wa India alikiandika nyumbani Shimla, kwa muda wake na fedha zake. Mwaka 1879 alishushwa cheo, 1882 akastaafu. Baadaye, akiwa hayupo nyumbani, mtumishi alibeba miswada yake akaiuza sokoni kama karatasi taka, za kufungia bidhaa. Hume hakurudia. Mwaka 1885 aliikabidhi Makumbusho ya Uingereza mkusanyiko wa ngozi na mayai ya ndege yapatayo 82,000, na mwaka huohuo akaongoza kuanzishwa kwa chama cha Congress, kilichokuja kuing'oa serikali ileile iliyomshusha.

Na huku kwetu? Frederick Jackson alishuka Lamu mwaka 1884 akiwa mwindaji, akaishia kuwa Gavana wa Uganda kuanzia 1911. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika habari za ndege. Alifariki 1929 kazi haijaisha, W. L. Sclater akaikamilisha, ikatoka mwaka 1938 katika mabuku matatu kuhusu ndege wa Kenya na Uganda. Jina lake lilikuwa limeshatangulia kwa zaidi ya miaka 40: tangu 1896 linabebwa na yule kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, ambaye siku hizi anazaliana hata kwenye vichaka vya Hawaii, alikofikishwa mwaka 1972 na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga.