Milipuko ya Miale ya Gama: Jinsi Darubini za Angani Zinavyonasa Nuru ya Sekunde Chache

Katika hospitali zinazotibu saratani, neno "gama" si geni. Mashine ya kobalti-60 huelekeza miale ya gama kwenye uvimbe ili kuziua seli zilizoasi. Kamera ya gama hupokea miale inayotoka katika dawa yenye mionzi aliyodungwa mgonjwa, na kwa njia hiyo daktari huona jinsi mifupa, figo au tezi ya shingoni inavyofanya kazi. Kwa wagonjwa wengi, neno hilo huandamana na hofu. Wapo wanaouliza kama watawadhuru watoto wao wakirudi nyumbani, na wapo wanaoacha tiba kabla haijaanza kwa sababu ya uvumi tu. Kwa mwanasayansi, miale ya gama ni aina ya nuru: haionekani kwa macho, na kila chembe yake hubeba nishati kubwa mno kuliko nuru ya jua tunayoiona. Mfaransa Paul Villard aliigundua jijini Paris mwaka 1900 alipokuwa akichunguza madini ya radiamu.

Nuru ya aina hiyo hiyo hufika pia kutoka kingo za mbali za ulimwengu. Karibu kila siku, upande fulani wa anga humeta ghafla kwa miale ya gama, kisha hutulia. Mmweko huo huweza kudumu kwa sehemu ndogo ya sekunde, au kwa dakika kadhaa. Katika muda huo mfupi, chanzo chake hutoa nishati inayolinganishwa na ile ambayo Jua litatoa katika uhai wake wote wa takriban miaka bilioni 10. Wanafalaki huuita mlipuko wa miale ya gama. Namna binadamu alivyojifunza kuunasa inaigusa hospitali kwa karibu kuliko inavyodhaniwa, na inaugusa pia mwambao wa Kenya.

Ugunduzi ambao haukutafutwa

Mwaka 1963, Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia hewani, angani na chini ya maji. Mkataba usio na mlinzi ni karatasi tu. Kwa hiyo Marekani ilirusha setilaiti za Vela, mbili mbili, zikiwa na vifaa vya kunasa miale ya gama, kwa kuwa bomu la nyuklia linapolipuka hutoa miale hiyo kwa wingi.

Tarehe 2 Julai 1967, setilaiti hizo zilirekodi mmweko ambao haukufanana na wa bomu. Wataalamu wa maabara ya Los Alamos hawakukimbilia kutangaza. Walisubiri setilaiti mpya zenye saa sahihi zaidi, kisha wakalinganisha nyakati ambazo kila setilaiti iliguswa na mmweko uleule. Kwa kuwa setilaiti hizo zilikuwa mbali sana moja na nyingine, tofauti ndogo ya wakati ilitosha kukadiria upande ambako miale ilitokea. Ilibainika kwamba chanzo si Dunia wala si Jua. Mwaka 1973, Ray Klebesadel, Ian Strong na Roy Olson walichapisha taarifa ya milipuko 16 iliyonaswa kati ya mwaka 1969 na 1972.

Fuwele ya hospitali na fuwele ya angani

Miale ya gama ni vigumu kuinasa kwa lenzi au kioo cha kawaida, kwani hupenya badala ya kupinda au kuakisiwa. Njia iliyozoeleka ni kuiwekea fuwele. Mwale unapoigonga fuwele maalumu, nishati yake hugeuka kuwa cheche hafifu ya nuru ya kawaida. Mrija ulio nyuma ya fuwele huipokea cheche hiyo, huigeuza kuwa mpigo wa umeme na kuukuza. Kadiri cheche inavyong'aa, ndivyo nishati ya mwale ilivyokuwa kubwa. Mhudumu wa kitengo cha tiba ya nyuklia anayesoma maelezo haya atatambua mara moja kwamba ndivyo kamera ya gama inavyofanya kazi.

Mfanano huo una asili yake. Fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu ilianza kutumika kunasia miale ya gama mwaka 1948, kutokana na kazi ya Robert Hofstadter wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Harold Anger wa California aliitumia kuunda kamera ya gama ambayo hospitali nyingi duniani zingali zinafuata muundo wake. Fuwele za aina hiyo hiyo ndizo zilizopelekwa angani. Darubini ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, ina kifaa cha kunasa milipuko chenye vipokezi 12 vya iodidi ya sodiamu na 2 vya fuwele ya bismuthi na jerimani, ambayo nayo imetumika sana katika mashine za uchunguzi wa PET. Miale inayotoka katika teknishiamu, dawa inayotumiwa zaidi katika tiba ya nyuklia, ina nishati ya kiloelektronivolti 140. Kama ingetokea angani, vipokezi vya Fermi vingeinasa bila taabu.

Tofauti iko katika namna ya kujua miale inakotoka. Hospitalini, bamba zito la risasi lenye matundu membamba huwekwa mbele ya fuwele ili kupitisha miale inayokuja moja kwa moja tu. Vipokezi vya Fermi vimeelekezwa pande tofauti, na ule upande unaopata miale mingi zaidi hudokeza chanzo kilipo. Darubini ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004, hutumia njia nyingine. Juu ya vipokezi vyake kuna ubao wenye maelfu ya vigae vidogo vya risasi vilivyopangwa bila mfuatano. Mlipuko unapotokea, vigae hivyo hutupa kivuli juu ya vipokezi, na kompyuta husoma umbo la kivuli hicho ili kukokotoa mahali mmweko ulipotokea. Vipokezi vyenyewe vimetengenezwa kwa kadimiamu, zinki na teluriamu, mchanganyiko ambao siku hizi hutumika pia katika baadhi ya kamera mpya za kuchunguza moyo.

Kutoka dalili hadi chanzo

Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya ugunduzi, wanafalaki walikuwa na dalili bila utambuzi. Wengi walidhani milipuko hutokea ndani ya kundi letu la nyota, Njia ya Maziwa. Dhana hiyo ilikuwa na kipimo chake: kama ni kweli, milipuko ingejipanga kufuata utepe wa Njia ya Maziwa angani. Darubini ya Compton, iliyorushwa mwezi Aprili 1991, ilirekodi milipuko 2,704 katika miaka yake 9, nayo ilitawanyika sawasawa pande zote za anga. Dhana ya zamani ikaanza kuyumba.

Uthibitisho ulikuja na setilaiti ya BeppoSAX, iliyojengwa na Italia kwa kushirikiana na Uholanzi. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko, na baada ya saa zipatazo 8 iligeuza darubini zake za eksirei kuelekea mahali hapo. Ilikuta nuru inayofifia, mfano wa kaa linalobaki baada ya moto kuzimika. Miezi michache baadaye, masalia ya mlipuko mwingine yalichunguzwa kwa darubini ya Keck iliyoko Hawaii, na umbali wake ukapimika: mabilioni ya miaka ya nuru. Milipuko ilikuwa mbali kabisa nje ya Njia ya Maziwa.

Data za BeppoSAX zilishuka duniani kupitia kituo cha Malindi, katika pwani ya Kenya. Setilaiti hiyo ilizunguka karibu na ikweta, hivyo ilipita juu ya Malindi katika kila mzunguko wake. Haikuwa mara ya kwanza kwa mwambao huo kuitumikia sayansi ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei pekee. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Swift nayo imekuwa ikiteremsha data zake Malindi.

Mbio dhidi ya wakati

Kila anayehudumu katika kitengo cha dharura anajua thamani ya dakika za mwanzo. Mlipuko wa miale ya gama una sharti hilohilo, kwani masalia yake hufifia haraka. Swift iliundwa kwa ajili hiyo. Inaponasa mlipuko, haisubiri amri kutoka ardhini. Hukokotoa yenyewe mahali ulipotokea, kisha hugeuka ndani ya dakika moja au mbili ili kuutazama kwa darubini zake za eksirei na za nuru. Papo hapo, taarifa fupi hutumwa kupitia setilaiti nyingine hadi kwa wanafalaki wa nchi mbalimbali, nao huelekeza darubini zao mahali hapo.

Kasi hiyo ilizaa matunda tarehe 17 Agosti 2017. Vituo vya Marekani na Italia vilihisi mawimbi ya mvutano, na sekunde 1.7 baadaye Fermi ikanasa mmweko mfupi wa miale ya gama. Ndani ya saa chache, darubini za ardhini zilikuta nuru mpya katika kundi la nyota lililo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 130. Nyota mbili za nyutroni zilikuwa zimegongana. Nuru iliyobaki ilionyesha kwamba katika migongano hiyo huundwa elementi nzito, dhahabu ikiwa miongoni mwake. Iodini nayo, ile inayotiwa katika chumvi ili kuzuia ugonjwa wa rovu, inaaminika kuwa kwa sehemu kubwa ilitokana na matukio makali ya aina hiyo, kabla Jua na Dunia havijakuwapo.

Kabla ya hapo, milipuko ilikuwa imegawanywa katika makundi mawili: mifupi, isiyozidi takriban sekunde 2, na mirefu. Mirefu ilihusishwa na nyota kubwa zinazoporomoka na kufa, mifupi na migongano ya nyota za nyutroni. Mgawanyo huo ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Tarehe 11 Desemba 2021 ulinaswa mlipuko uliodumu karibu dakika nzima, lakini masalia yake yalikuwa ya mgongano. Daktari hatashangaa: homa pekee haitoshi kutofautisha malaria na homa ya matumbo, na muda wa mlipuko pekee hautoshi kutaja chanzo chake. Ushahidi mwingine lazima uambatane nao.

Swift yenyewe imezeeka. Hewa nyembamba iliyoko kwenye njia yake imekuwa ikiipunguzia kimo taratibu, na mwaka 2025 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitangaza mpango wa kutuma chombo cha kuiinua. Wakati huohuo, setilaiti ya SVOM ya China na Ufaransa, iliyorushwa tarehe 22 Juni 2024, imejiunga na kazi hiyo.

Muda, umbali na kinga

Swali la mgonjwa linabaki: je, miale hiyo inadhuru? Wafanyakazi wa vitengo vya mionzi hufundishwa kanuni tatu za kujilinda: kupunguza muda wa kukaa karibu na chanzo, kuongeza umbali, na kuweka kinga katikati. Kanuni hizo zinaeleza pia kwa nini milipuko mikubwa kiasi hicho hupita bila mtu kuugua. Muda wake ni mfupi. Umbali wake kwa kawaida ni mabilioni ya miaka ya nuru. Kinga nayo ni hewa: uzito wa hewa iliyo juu ya kila kipande cha ardhi ni sawa na wa maji yenye kina cha takriban mita 10. Kwa sababu hiyohiyo darubini za gama hazina budi kupelekwa angani. Miale haifiki ardhini kunaswa. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulitokea mlipuko mkali kuliko wote uliowahi kurekodiwa. Uliwazidi nguvu vipokezi vya Fermi na kuitikisa tabaka ya juu ya hewa yenye chaji za umeme, lakini ardhini hakuna aliyedhurika.

Kanuni zizo hizo humlinda anayelala chini ya mashine ya kobalti-60. Muda wa tiba hupimwa kwa uangalifu, umbali hupangwa, na chanzo kinaporudishwa ndani ya kinga yake, miale hukoma. Mgonjwa hatoki na mionzi mwilini, na anaweza kumpakata mtoto wake jioni ileile. Aliyedungwa teknishiamu hubaki na mionzi kidogo kwa muda mfupi. Nusu yake huisha kila baada ya saa 6, na kunywa maji na kukojoa mara kwa mara huharakisha kuitoa. Mama anayenyonyesha au mwenye ujauzito amweleze mhudumu mapema. Aliyepewa iodini yenye mionzi kwa ajili ya tezi hupewa masharti makali zaidi ya kukaa mbali na wengine kwa siku kadhaa, naye ayafuate kama alivyoelekezwa.

Mgonjwa anayeuliza kuhusu mionzi anastahili jibu lenye vipimo: ni miale gani, kwa muda gani, kutoka umbali gani, na nyuma ya kinga ipi. Mhudumu anayeweza kumjibu hivyo humwondolea hofu isiyo na msingi, na humwachia tahadhari inayomfaa.