Neno posho lingali, unga uko wapi?

Mwenye kujaza mots croisés anajua «ire» na «ost». La kwanza ni hasira, la pili ni jeshi la zamani. Wafaransa wenyewe hawayasemi tena. Yanaishi paka mu visanduku. Sisi watumikaji wa Manika pia tuko na yetu. «Kapita» lilitoka kwa Wareno. Leo kuko chef d'équipe, lakini wazee banasema paka kapita. Lenye kuuma ni «posho». Wakati wa Union Minière, hata nyuma ya serikali kuikamata 1967, posho ilikuwa unga, mufuko begani. Leo kijana wa sous-traitance analisikia kwa baba yake tu. Wandugu, mbele ya kutia sinyatire, muulize: posho imeandikwa wapi?